Joaquin Miller: Vazi na Ushahidi

Joaquin Miller (1837–1913), mshairi wa Marekani, hasomwi sana siku hizi, ingawa bustani moja kubwa mjini Oakland ingali na jina lake. Kinachokumbukwa ni buti ndefu na kofia pana alizojishaua nazo mbele ya wasomi wa London mnamo 1871. Wahakiki humwita mwongo kwa ajili hiyo. Shutuma nyepesi, vazi halimdhulumu mtu (na ni mshairi gani asiyejigamba?). Uzito umo katika *Life Amongst the Modocs* (1873). Humo aliwatetea wenyeji wa kaskazini mwa California waliouawa na walowezi, lakini akayachanganya aliyoyashuhudia na aliyoyabuni, yote akayaita historia. Je, mtetezi wa namna hii hawapokonyi wahasiriwa ushahidi wao? Naona huwapokonya, hata nia iwe njema: msomaji akutanaye na mauaji ya kweli kitabuni humo hana budi kuyatilia shaka.