Pikipiki Nyuma ya Ghala

Si vigumu kuikuta. Ukiondoka Karatina ukashika njia zinazopanda kuelekea msitu wa Mlima Kenya, katikati ya majani chai na kahawa ya Mathira, huenda ukaiona nyuma ya ghala la mahindi: pikipiki iliyoegemea ukuta, kuku wakilala juu ya kiti chake, tangi limegeuka rangi ya udongo wa shambani. Ukikwaruza matope kwa ukucha utasoma jina. Yamaha AG100, labda, au Honda CG125. Hizi ndizo zilizombeba afisa wa kilimo, daktari wa mifugo, katekista na karani wa chama cha ushirika, miaka mingi kabla ya bodaboda kujaa barabarani. Mwenyewe alistaafu, au alizikwa. Mnunuzi wa vyuma chakavu amekwisha kupita na mizani yake, na familia imeanza kukubaliana naye.

Kisha anatokea mjukuu, au mwalimu kijana wa jirani, anayesema hapana. Isipimwe kwa kilo; yeye ataifufua. Hajawahi kufungua injini maishani. Majirani wanamwonea huruma kidogo, maana leo pikipiki mpya ya Boxer inapatikana kwa mkopo na mtu akaenda nayo kazini siku hiyo hiyo. Kijana huyu anastahili kusikilizwa vizuri kuliko anavyosikilizwa.

Swali la majirani lina haki yake. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, zenye injini ya chini ya sisi 250, na katika miaka michache miji kama Karatina ikabadilika. Mama anayepeleka karoti na kabichi sokoni hangoji tena matatu. Maelfu ya vijana wakapata riziki. Lakini bodaboda hudaiwa kila jioni, kwa sababu mkopo wake unalipwa siku kwa siku, na fundi wa kando ya barabara anajua hivyo. Mteja akimletea pikipiki yenye kelele, haulizi itadumu vipi miaka kumi. Anauliza namna ya kuirudisha barabarani kabla ya saa sita. Anafunga waya, anakaza nati, anapokea pesa, anaita mwingine. Huo ni ufundi wa kweli na haufai kudharauliwa. Ila ndani yake hakuna nafasi ya kukifungua chombo chote, kukielewa na kukirudisha kama kilivyokuwa.

CG125 yenyewe ilizaliwa kutokana na mazoea kama haya ya kutotunza chombo. Katikati ya miaka ya 1970, Honda ilikuwa imetambua kwamba katika nchi zinazoendelea pikipiki zake zilibebeshwa kupita kiasi, oili haikubadilishwa kwa wakati na cheni iliachwa wazi kwa vumbi na matope. Wahandisi wake hawakuandika barua ya kuwalaumu wateja. Waliunda injini inayovumilia. Mnyororo mwembamba wa ndani unaoendesha valvu uliondolewa, vikawekwa vyuma vya kusukuma ambavyo havisumbuki upesi, na cheni ya nje ikafunikwa yote. Yamaha nayo iliitengeneza AG100 kwa ajili ya mashamba: keria mbele na nyuma, kinga za mikono, cheni iliyofichwa. Vyombo hivi vilisamehe mengi. Na kwa kuwa vilisamehe, tulivizoea hivyo, tukachukulia uvumilivu wao kama ruhusa ya kutovitunza. Kutu iliyo nyuma ya ghala haikuanza siku pikipiki iliposimama. Ilianza siku mtu alipogundua kuwa hata bila oili mpya bado inawaka.

Kwa hiyo anayeanza kazi hii anaanza na deni la mtu mwingine.

Hatua yake ya kwanza haihitaji spana. Ni makaratasi. Namba iliyogongwa kwenye fremu ilingane na ya kwenye logibuku, na kama mwenye jina amefariki, familia ishughulikie urithi kabla ya shilingi moja kutumika. Wapo waliopaka rangi na kufunga tairi mpya kwenye pikipiki ambayo kisheria haikuwa yao. Hatua ya pili ni kupiga picha kila upande, kila waya, kila nati, kwa sababu kumbukumbu ya kichwa haifiki mwezi.

Baada ya hapo ndipo mikono inaanza kujifunza. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo maana nati ya miaka ishirini imejibana kwenye meno ya bolti kana kwamba imechomelewa. Mgeni wa kazi huweka spana na kuvuta kwa hasira, bolti ikakatika. Fundi mzee hupaka oili nyepesi, akaondoka, akarudi kesho, akagonga kwa nyundo ndogo, akaikaza kidogo kwanza ndipo akaifungua. Kuna pia jambo la bisibisi ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa: skurubu za pikipiki za Kijapani zina kichwa cha msalaba kinachofanana na kile cha bisibisi ya nyota ya kawaida, lakini hakilingani nacho sawasawa. Ukitumia ya kawaida, inateleza na kula kichwa, na baada ya hapo ni kutoboa kwa drili.

Injini ikiwa imeganda, usirukie kiki. Toa plagi, mimina oili kidogo ndani ya silinda, subiri siku kadhaa, ongeza, kisha weka gia ya juu na utikise gurudumu la nyuma taratibu, mbele na nyuma. Pistoni ikisogea hata unene wa ukucha, umepata habari njema. Isiposogea, fungua kichwa, wala usitafute njia ya mkato.

Dawa ya kutu yenyewe iko jikoni. Magadi yanayolainisha githeri, yanayotoka Ziwa Magadi huko Kajiado, yakiyeyushwa kwenye ndoo ya plastiki hupitisha umeme. Kipande chenye kutu huunganishwa upande hasi wa chaja ya betri, na chuma kikuukuu cha kawaida upande chanya, viwili visigusane. Baada ya saa kadhaa kutu hugeuka tope jeusi linalotoka kwa brashi, na chuma kizima hakiliwi. Ifanyike nje, mbali na moto, kwa kuwa hewa inayobubujika inalipuka. Chuma cha upande chanya kisiwe stenlesi, kwani hutoa sumu ndani ya maji. Vitu vya alumini, kama kabureta na mwili wa injini, visiingie humo kabisa. Kuhusu tangi kuna onyo kubwa zaidi: lenye tundu lisipelekwe kuchomelewa kabla ya kusafishwa kabisa, maana mvuke wa petroli hubaki ndani hata pale pua isipousikia.

Mlima Kenya una mfano wa kale wa watu waliofanya kazi na chakavu. Mwaka 1943, katika kambi ya wafungwa wa vita Waitaliano huko Nanyuki, mwendo usiofika saa mbili kwa barabara kutoka Karatina, Felice Benuzzi na wenzake wawili, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, waliamua kutoroka ili waupande mlima huo. Hawakuwa na vifaa. Nyundo zikageuzwa shoka za barafu, na mabaki ya gari yaliyookotwa jalalani yakawa meno ya kufunga chini ya viatu. Benuzzi hakuwa mhunzi na Balletto alikuwa daktari. Walisaidiwa na wafungwa wenzao. Barsotti aliugua njiani, lakini wawili walifika kilele cha Lenana, mita 4,985, kisha wote watatu wakarudi kambini wenyewe. Vifaa vilivyowapandisha vilikuwa taka kwa kila mtu mwingine, na ujuzi walioukosa waliuomba kwa jirani.

Kuomba huko ndiko kunakomshinda kijana mwenye digrii. Huko Karatina, mtu anayeijua AG100 kwa sauti tu huenda hakumaliza darasa la nane. Akitoa plagi ataitazama rangi yake na kukwambia kabureta inatia petroli nyingi mno, kwa sababu hewa ya huku juu ni nyepesi na jeti ilichaguliwa kwa nchi za chini. Mjukuu afike na kusema, "Shikamoo mzee, naomba unionyeshe," akae, ashike tochi, aoshe vipuri, na alipe muda wa fundi hata siku ambayo hakuna kilichotengenezwa. Saa ya kufundishwa ni saa ya kazi.

Je, iishie kung'aa? Kila mwaka Nairobi kuna Africa Concours d'Elegance, mashindano yaliyoanza 1970, ambapo pikipiki za kale hukaguliwa hadi chini ya madigadi. Ni kazi ya kupendeza. Lakini kwa anayeanza, pesa za rangi ziende kwanza kwenye breki, tairi, nyaya na bearingi za magurudumu. Mteremko wa kuingia Karatina ukiwa na utelezi wa Julai haujali tangi linalometa. Mkwaruzo ulioachwa na madebe ya maziwa kwenye keria uachwe hapo hapo. Ni sehemu ya historia ya chombo.

Na somo hili lisiishie kwa mjukuu mmoja. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa ripoti iliyouliza vijana wanaomaliza shule waende wapi, na kutokana nayo zikazaliwa polytechnic za vijijini. Vyuo hivyo vya ufundi sasa viko chini ya kaunti, na vingi vinafundisha umekanika kwa injini iliyokwisha kufunguliwa na wanafunzi wengi waliotangulia. Kaunti ya Nyeri ingeweza kununua pikipiki hizi kwa bei ile ile ya mnunuzi wa vyuma chakavu, ikawapa kila wanafunzi wawili moja, pamoja na fundi mzee wa mjini anayelipwa kwa siku, na mwisho wa mwaka wakaziendesha wenyewe hadi Nyeri na kurudi.