Ushahidi wa Aliyeugua

Kila ugonjwa humpunguzia mtu kitu. Homa humpunguzia nguvu, maradhi ya macho humpunguzia nuru, na mguu uliovunjika humpunguzia mwendo. Ugonjwa wa akili humpunguzia mgonjwa jambo ambalo maradhi mengine aghalabu humwachia, nalo ni kusadikiwa. Aliyepona homa akisema kwamba dawa fulani ilimdhuru, watu humsikiliza na kumwuliza zaidi. Aliyetoka katika hospitali ya wagonjwa wa akili akisema maneno yale yale, watu hutazamana. Akikasirika, husemwa kuwa ugonjwa umerudi; akinyamaza, husemwa vile vile. Je, mtu aliyepata kuugua akili ana haki ya kuaminiwa asemapo juu ya ugonjwa huo, na je, aweza kuwa mwalimu wa wengine?

Zamani jibu lilikuwa la, wala halikuhitaji kutamkwa. Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilianza mwaka 1910 katika utawala wa Waingereza, mahali palipokuwa pakitumika kuwatenga wagonjwa wa ndui. Asili hiyo yaonyesha fikira za siku zile: mgonjwa wa akili alihesabiwa kuwa mtu wa kuepukwa. Daktari, askari, hakimu na jamaa walisema juu yake, mwenyewe hakuulizwa.

Walakini walitokea watu waliokataa kunyamaza. Huko Marekani, Clifford Beers, aliyekuwa amelazwa katika hospitali za namna hiyo, alitoa kitabu mwaka 1908 akaeleza mateso ya humo, na mwaka uliofuata akaanzisha chama cha taifa cha kutengeneza mambo hayo. Nchini Kenya, mwaka 2007, kiliundwa chama kiitwacho Users and Survivors of Psychiatry in Kenya, ambacho wenyewe waliougua ndio wanachama wake. Sitawa Wafula, Mkenya mwenye kifafa na ugonjwa wa akili, alianzisha huduma ya ujumbe wa simu bila malipo kwa wenye dhiki kama yake, tena alisimama mbele ya watu akasimulia maisha yake. Uganda nako, katika Hospitali ya Butabika, watu waliopata kutibiwa walifundishwa kuwatembelea na kuwaauni wagonjwa wenzao.

Katika Bonde la Ufa jambo hili si la mbali. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ghasia zilizuka, wakafa watu zaidi ya 1,100 nchini, na Nakuru, Naivasha na Molo zilikuwa miongoni mwa mahali palipoumia sana. Maelfu walipiga hema katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru. Nyumba iliyoungua yaweza kujengwa tena kwa mawe na mabati; usingizi uliopotea na hofu iliyobaki moyoni havijengwi hivyo. Mwenye jeraha hilo aweza kuishi miaka mingi kati ya watu bila kulisema, kwa kuogopa jina la kichaa. Tena madaktari wa maradhi ya akili ni wachache, na wengi wao hukaa katika miji mikubwa, hali mkulima wa Molo au Subukia atafuta nauli.

Hapa ndipo kikundi cha waliougua kinapofaa. Kazi yake ni rahisi kuieleza. Watu kumi au ishirini hukutana mara kwa mara, kila mmoja akasema kwa zamu. Hukumbushana siku ya kliniki, humsindikiza mgeni aogopaye kwenda peke yake, humtembelea aliyekosa kuja, na huzungumza na mama au mume asiyejua la kufanya. Kisha baadhi yao huenda shuleni na barazani, wakasema waziwazi: mimi niliugua, nikatibiwa, na leo nafanya kazi. Hivyo watu huona kwa macho yao jambo waliloambiwa kuwa haliwezekani.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tuseme kijana wa Njoro ameambiwa ameze dawa kila siku. Dawa yamtuliza, lakini mikono yake hutetemeka hata chai ikamwagika, naye aona haya kula mbele ya wageni. Daktari ajua jina la dawa na sababu ya mtetemeko. Mwenzake, aliyepata kushika kikombe kwa mikono ya namna ile, ajua kwa nini kijana ameiacha dawa kwa siri. Akimwambia kwamba naye alikuwa hivyo, akamweleza daktari, akapunguziwa kipimo, yumkini kijana atarudi kliniki. Elimu mbili zimekutana, na kila moja ilikuwa pungufu bila ya nyingine.

Labda mtu atasema: akili iliyoteleza jana yaweza kuteleza leo, tuisadiki vipi? Ni kweli, yaweza. Lakini wenye afya nao hukosea, wala hatuwafungi vinywa kwa kosa walilolifanya mwaka jana. Neno lipimwe kwa ukweli wake, asipimwe msemaji kwa ugonjwa wake. Mwingine atasema kwamba watu hawa huenda wakawafundisha wagonjwa kutupa dawa. Hatari hiyo ipo, na kwa hiyo kazi yao ina mpaka: wao ni mashahidi na wasaidizi, hawachukui nafasi ya daktari. Mpaka wa pili ni wetu sisi. Aliyeugua asilazimishwe kulionyesha jeraha lake ili wengine wajifunze. Ushahidi ni zawadi, si kodi.

Sheria imeanza kuifuata haki. Kenya iliridhia mwaka 2008 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa mwaka 2022, ikampa mgonjwa haki ya kushirikishwa katika kupanga matibabu yake. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuhesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai ni kinyume cha Katiba. Hata hivyo, kifungu cha 83 cha Katiba hiyo ya mwaka 2010 chamnyima kuandikishwa kuwa mpiga kura yeyote aliyetangazwa kuwa hana akili timamu. Bado neno la watu fulani lahesabiwa kuwa si neno.

Sheria hutungwa Nairobi, lakini kusadikiwa hutolewa na jirani. Yuko mwanafunzi atakayerudi darasani baada ya miezi ya maradhi, na wenzake ndio watakaomfanyia nafasi katika dawati au kumkimbia. Wamwite kwa jina lake. Akitaka kusema, wamsikilize mpaka mwisho, kama ambavyo wangemsikiliza aliyetoka kuugua malaria.