Kafala na Viwanja vya Qatar

Alhamdulillahi Rabbil Alamin. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, mwaka 2022 Kombe la Dunia la mpira lilichezwa Qatar, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuchezwa katika nchi ya Kiarabu. Wengi wetu tulifurahi. Furaha hiyo hatuilaumu, lakini mapenzi ya udugu yasitupofushe, kwani mizani ya haki ni moja kwa jamaa na kwa mgeni.

Kombe hilo halikutolewa kwa mchezo tu. Novemba 2010 Rais Nicolas Sarkozy wa Ufaransa alimkaribisha chakula Michel Platini, mmoja wa wenye kura, pamoja na mrithi wa utawala wa Qatar. Platini amekana kuwa aliamrishwa. Siku chache baadaye, tarehe 2 Disemba, wajumbe 22 wa FIFA walipiga kura mjini Zurich, Qatar ikaishinda Marekani kwa kura 14 kwa 8. Basi mwenye kuulizwa si aliyepokea peke yake. Na waliotoa pia waulizwe.

Kisha vikajengwa viwanja saba vipya, kwa mikono ya maskini wa Nepal, India na Bangladesh. Na vijana wa Kenya nao walikwenda huko kutafuta riziki. Kwa miaka mingi walifungwa na kafala: mtu hawezi kuhamia kazi nyingine ila kwa ridhaa ya mwajiri wake. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2020, na jema hilo twalikiri. Lakini tujiulize: kafala katika fiqhi ni dhamana, mtu kujifunga kwa ajili ya mwenziwe. Vipi ikageuzwa kuwa kamba ya kumfungia mwenziwe?

Wako wasemao kwamba wanaoyalaumu haya ni Wazungu wenye chuki. Huenda wamo. Lakini dhulma haiwi haki kwa kuwa imetajwa na adui.

Disemba 2024 Saudia ilipewa kombe la 2034, ikiwa ndiyo pekee iliyoliomba. Na nchi yetu, pamoja na Tanzania na Uganda, ilipewa mwaka 2023 Kombe la Afrika la 2027. Basi yatupasa kuwauliza wakubwa: nani alipwa, nani apunjwa? Na kabla ya kuwauliza wao, kila mmoja wetu aliyemwajiri fundi, hamali au mtumishi wa nyumbani, na amlipe haki yake leo, kwani Mtume wetu (s.a.w.) ametukataza kuucheleweshea ujira.

Wabillahi tawfiq.