Kukesha na Kukosa Usingizi

Katika lugha yetu ya Kiswahili, kulala ni jambo moja na kupata usingizi ni jambo jingine. Kulala ni tendo la mtu mwenyewe: anafunga mlango, anazima taa, anajilaza. Usingizi hatuutendi. Tunaupata au tunaukosa, unatuchukua au unaturuka, kama vile mkulima apatavyo mvua au aikosavyo. Vivyo hivyo, kukesha si sawa na kukosa usingizi. Anayekesha amechagua kuwa macho kwa ajili ya jambo fulani. Aliyekosa usingizi hakuchagua chochote. Mimi nilikosa usingizi kwa muda wa miaka 15, tangu mwaka 2003 hadi mwaka 2018, na muda wote huo niliwaambia watu kwamba nakesha. Nataka kujiuliza, pamoja nawe ndugu msomaji, kama uongo huo ulikuwa mdogo kama nilivyoudhania.

Huku kwetu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kukesha ni jambo la heshima. Tulipokuwa watoto tuliwaona baba zetu wakitoka usiku na jembe begani, kwa sababu zamu yao ya maji ya mfongo iliangukia usiku. Watu hukesha kwenye matanga, hukesha kanisani usiku wa kuamkia Mwaka Mpya, hukesha zizini ng'ombe anapotaka kuzaa. Basi nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, na taa ya chumba changu ikaonekana inawaka saa 8 usiku, wanachuo waliambiana kwamba Mkuu anafanya kazi. Sifa hiyo ilinifikia, nami nikaipokea. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeukodolea macho ukurasa mmoja wa kitabu tangu saa 6, nikingoja jogoo awike.

Huenda msomaji akasema kwamba uzee na kuwa macho usiku ni ndugu. Usemi huo una ukweli ndani yake. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, hapahapa kaskazini mwa nchi yetu. Watu wazima 33 walivalishwa mkononi vifaa vidogo vya kupima usingizi kwa siku 20. Katika siku hizo zote, muda ambao watu wote 33 walikuwa usingizini kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu. Karibu kila wakati palikuwa na mtu aliye macho, na tofauti ya umri ilichangia, kwa maana wazee waliwahi kulala na kuwahi kuamka kuliko vijana. Watafiti wakaona kwamba huenda tangu kale makundi ya binadamu yalilindwa hivyo usiku, pasipo mtu kupangiwa zamu.

Nilipousoma utafiti huo nilifurahi, maana nilidhani nimepata wakili. Kumbe sikuwa nimesoma vizuri. Wahadzabe wale, kwa jumla, hawakulalamika kuwa usingizi wao una kasoro. Waliamka usiku, wakachochea moto, wakalala tena, na asubuhi wakaenda zao. Madaktari hulihesabu tatizo hili kuwa sugu pale mtu anapokosa usingizi usiku 3 au zaidi kwa wiki, kwa miezi 3 au zaidi, ilhali nafasi ya kulala anayo, na mchana wake ukaharibika kwa sababu hiyo. Neno la kushika hapo ni mchana. Usiku wangu ulikuwa mali yangu, lakini mchana wangu ulikuwa mali ya watu wengine.

Nitatoa mfano mmoja, nao unanitia aibu hadi leo. Mwaka 2006 mwanachuo mmoja wa mwaka wa pili alikuwa akisinzia darasani kila asubuhi. Wakufunzi walimleta ofisini kwangu. Wiki hiyo sikuwa nimepata usingizi wa maana kwa usiku 4, na kila sauti ilikuwa ikinikwaruza kichwani. Sikumuuliza neno. Nilimsimamisha masomo kwa wiki 3, nikaandika barua palepale. Baada ya siku chache nikapata habari kwamba mama yake alikuwa amelazwa hospitali, na kijana huyo alikuwa akitoroka bwenini usiku kwenda kumuuguza, kwa sababu aliogopa kuniomba ruhusa. Yeye ndiye aliyekuwa akikesha. Nilifuta adhabu ile, lakini sikumwomba radhi. Nilijiambia kwamba mkuu wa chuo hawezi kumwomba radhi mwanachuo. Leo naona kwamba niliogopa angeniuliza kwa nini niliamua kwa haraka vile, na jibu nililijua.

Kwa nini basi sikwenda kwa mtaalamu miaka hiyo yote? Nimejichunguza nikaona sababu tatu. Ya kwanza ni hofu ya jina. Hospitali ya Mirembe ya Dodoma, iliyoanzishwa mwaka 1927, imehudumia wagonjwa wa akili kwa vizazi vingi, lakini sisi wananchi tumeligeuza jina lake kuwa tusi. Hapa Moshi hatuna haja ya kusafiri hadi Dodoma, kwa kuwa Hospitali ya Rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina madaktari wa afya ya akili. Lakini kwangu mlango wa daktari wa namna hiyo, uwe wapi uwao, ulikuwa mlango wa Mirembe. Tena nani angekuwa kwenye foleni? Nusu ya wauguzi na waalimu wa wilaya hii wanazifahamu sura za wakuu wa vyuo.

Sababu ya pili ni kazi yenyewe. Mwalimu huzoea kuulizwa, hazoei kuuliza. Wahenga walisema mganga hajigangi, nami nikadhani methali hiyo inawahusu waganga peke yao.

Sababu ya tatu ndiyo niliyoiona kuwa njema kuliko zote, nayo ndiyo iliyonidhuru zaidi. Mimi ni wa kizazi kilichokuwa shuleni Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967. Neno kujitegemea tulilimeza pamoja na uji. Nililifundisha kwa miaka karibu 40. Basi nikajiambia kwamba mtu mzima anayekwenda kumlilia daktari kuwa hapati usingizi ameshindwa kujitegemea.

Badala ya daktari nilitumia vidonge. Vilikuwa vya diazepam, nilivyonunua bila cheti chochote. Mwanzoni vilinisaidia, kisha kimoja kikawa hakitoshi. Sikujua, wala sikutaka kujua, kwamba kwa wazee dawa za jamii hiyo huongeza hatari ya kuanguka na kuvunjika mifupa, huvuruga kumbukumbu, na mwili huzizoea hadi kuzidai. Usiku mmoja wa mwaka 2018 nilitoka kwenda msalani, miguu ikanisaliti, nikaanguka kando ya mfereji kwenye migomba. Mke wangu alifika na tochi kabla sijapiga kelele. Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Baba, tangu ulipoacha kulala, mimi nami silali. Nasikiliza hatua zako."

Miaka 15! Nilikuwa nikijisifu kwamba simsumbui mtu.

Wiki iliyofuata tulikwenda hospitali, mimi na yeye. Daktari alikuwa binti mwenye umri wa kuwa mjukuu wangu. Alisema, "Shikamoo Mwalimu," nikaitikia marahaba, kisha akaniuliza maswali kwa karibu saa nzima. Hakuniuliza kama nina wazimu. Aliuliza kama nakoroma na kukatika pumzi usingizini, kama tezi dume linaniamsha mara kwa mara, kama nina maumivu, kama nina huzuni isiyoondoka, kama nanywa pombe. Akauliza pia habari za kahawa. Nilikuwa nimejizoeza kunywa vikombe viwili kila jioni, kwa fahari ya mkulima anayekunywa zao la kihamba chake. Akanieleza kwamba baada ya saa 5 hivi, nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini.

Vidonge hakuniruhusu kuviacha ghafla, kwa kuwa kufanya hivyo ni hatari; alivipunguza kidogo kidogo kwa wiki nyingi. Tiba yenyewe ilikuwa mazungumzo na mazoea mapya, na mwaka 2016 madaktari wa Marekani, kupitia chama chao cha American College of Physicians, walishauri kwamba tiba ya aina hiyo itangulie dawa kwa mtu mzima mwenye tatizo sugu. Aliniagiza niandike daftari la usingizi kwa wiki 2. Daftari likaonyesha kwamba nilikuwa kitandani tangu saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi, yaani saa 9, lakini usingizi nilioupata haukuzidi saa 5 na nusu. Akaniambia nipande kitandani saa 5 usiku na nitoke saa 11 alfajiri, hata kama sikupata lepe. Usingizi ukikataa kuja kwa kama dakika 20, niondoke kitandani nikakae sebuleni mpaka unijie. Nisilale mchana. Saa ya kuamka isibadilike, hata Jumapili. Usingizi ukitulia ndani ya saa hizo 6, tungeongeza robo saa, kisha tungoje tena.

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu, nami nilimlaumu binti yule kimoyomoyo. Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa nikipata saa 6, na mke wangu naye akaanza kukoroma. Hata leo hupita usiku ambao usingizi hauji. Tofauti ni kwamba sasa siupigani.

Nilipokuwa natafuta namna ya kuelewa tiba ile, niliukumbuka mfongo. Maji yake hutoka juu msituni, na hakuna mtu awezaye kuyasukuma. Kazi ya binadamu ni kuuchimba mfereji, kuuzibua majani na udongo, kisha kungoja. Tena hakuna mfongo uliochimbwa na mtu mmoja. Uliitisha ukoo na kijiji, na asiyetokea siku ya kazi alitozwa faini. Watu wale walijitegemea kweli, na walijitegemea kwa kuitana. Mimi nililifundisha neno hilo miaka 40 nikiwa nimelipunguza maana, nikalifanya liwe kibali cha kiburi changu.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali nililoanza nalo ni hili. Kukosa usingizi si dhambi, wala si ushujaa. Ni taabu ya mwili na nafsi, kama homa. Kosa linaanza pale mtu anapoificha taabu hiyo na kuwaachia wengine walipe gharama yake bila kuambiwa wanalipia nini. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini kabla ya kifo kufika, huwa ameshawaumiza walio karibu naye. Kwa hiyo nahesabu kwenda kwa daktari kuwa wajibu wa mtu yeyote ambaye uamuzi wake unawagusa watu wengine, hata kama ni mke peke yake.

Mwaka 2019 nilimtafuta kijana yule wa 2006. Siku hizo alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko tambarare. Nilimweleza yote, nikamwomba radhi. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, yale yamepita. Lakini ungeniuliza tu."

Nilimjibu kwamba hata mimi ningeuliza tu.