Usijaze Tu, Tafuta Inakovuja

Andiko: Yeremia 2:13



Sisi tunaopanda matatu kutoka tao kwenda Kangemi, Uthiru na Kikuyu tumeona hii mara nyingi. Gari linapanda mlima, mvuke unatoka mbele, konda anashuka na jerikeni ya maji. Anajaza, tunaendelea. Kesho yake ni hivyo hivyo.

Juzi nilimtembelea ndugu mmoja wa kanisa letu kule Kikuyu, ambaye hulimia watu mashamba kwa trekta ndogo. Nilimkuta alfajiri, kabla hajawasha injini. Alipangusa nyasi na vumbi kwenye rejeta ili hewa ipite. Akafungua kifuniko, akachungulia, akaongeza kulanti aliyochanganya na maji safi, nusu kwa nusu.

Nikamuuliza, "Kwani maji peke yake hayatoshi?"

"Pasta, maji matupu yanaleta kutu. Nje trekta inang'aa, ndani inakwisha."

"Na kwa nini usiangalie mchana, ikishafanya kazi?"

Akacheka. "Ikiwa moto, hicho kifuniko hakiguswi. Presha itakurushia maji ya moto usoni. Haya mambo ni ya asubuhi, injini ikiwa baridi."

Kisha akapiga magoti, akapapasa paipu moja moja akitafuta unyevu. Akasema, "Nikiongeza leo, na kesho niongeze tena, hiyo si kiu. Kuna mahali inavuja." Mwisho akanionyesha geji ya joto. "Hii nayo usiiamini sana. Maji yakiisha kabisa, inaweza kukaa chini kama kwamba mambo ni sawa, kwa sababu haina maji ya kupima. Injini inaungua kimya kimya."

Kanisa, nilirudi nyumbani nimenyamaza. Mwezi uliopita nilihubiri mara tisa, na mliitikia amina. Jioni moja mke wangu akaniambia, "Baba Imani, sikumbuki mara ya mwisho tuliomba pamoja." Sikusikia uchungu wowote. Nilidhani ile ni amani. Kumbe ilikuwa geji isiyo na maji.

Katika Yeremia, Bwana analalamika kwamba watu wake wamemwacha yeye aliye chemchemi, wakajichimbia mabirika yenye nyufa. Tatizo la mabirika yale halikuwa kukosa mvua. Hata mvua inyeshe namna gani, birika lenye ufa halikai na maji.

Mimi nilisomea biashara. Tulifundishwa kwamba duka linaweza kuuza sana na bado lifungwe, kama pesa zinatoka kwa mlango wa nyuma. Ndivyo tulivyo wengi. Jumapili tunajazwa, tunaruka, tunalia. Kufikia Jumatano tumekauka, tunangoja kesha la Ijumaa litujaze tena. Hatuulizi maji yameenda wapi. Mmoja anavuja kwa kubeti. Mwingine kwa kinyongo na ndugu yake. Mwingine kwa simu ya saa nane usiku. Mimi nilivuja kwa kazi ya kanisa yenyewe, nikiita huduma.

Wiki hii nawaomba mambo matatu. Kwanza, jichunguze asubuhi, kabla ya barabara na kazi kukupasha moto. Pili, kama kuna jambo zito nyumbani, usilifungue hasira ikiwa juu. Ngoja ipoe, lakini ikipoa lifungue kweli. Tatu, taja ufa wako mmoja kwa jina mbele za Mungu, na kwa mtu mmoja unayemwamini.

Mimi wangu nimeshautaja kwa mke wangu. Sasa tunaomba pamoja saa kumi na moja asubuhi, dakika kumi tu. Siku zingine nasinzia, lakini tumeanza.

Tuombe: Bwana, usitujaze tu. Tuonyeshe tunapovuja, utuzibe. Katika jina la Yesu, amina.