Baba, leo tuko ao hatuko?

Ni nani kati yetu asiyechekeshwa na maneno ya watoto wadogo nyumbani? Mtoto wa jirani yetu, hapa Bukavu, aliona mwezi umepungua, akauliza: «Nani ameuma mwezi?» Binti yangu, alipokuwa na miaka mitatu, alipewa ndizi iliyovunjika, akalia: «Mama, ushone ndizi yangu!» Mama yake ni mshonaji. Mtoto alimwona kila siku akishona nguo zilizopasuka, basi akafikiri kwamba hakuna kitu kilichoharibika ambacho mama hawezi kukishona. Tulicheka sana. Miezi michache nyuma yake nyanya yao akafa, na tulipokuwa tukimlilia nyumbani, binti huyo alikuja na sindano na uzi mkononi. «Mama, nyanya hasemi. Umshone.» Watu wote walinyamaza.

Lakini kuna maneno ya watoto ambayo yanatuuliza jambo, na sisi twacheka upesi ili tusilijibu. Nataka kusema juu ya moja la namna hiyo, na aibu yake ni yangu mwenyewe.

Nilikuwa na deni kwa mwenye duka wa mtaa wetu: mfuko wa unga na chupa mbili za mafuta. Jumamosi moja asubuhi nikamwona kwa dirisha anakuja. Nikamwambia mwanangu, mwenye miaka minne na nusu: «Nenda umwambie baba hayupo.» Alikimbia, akafungua mlango, akasema kwa sauti safi: «Baba amesema hayupo.»

Kisa cha namna hii mmekisikia katika nyumba nyingi. Mimi pia nilikisikia zamani, nikacheka. Kilipofika kwangu sikucheka. Mwenye duka ndiye aliyecheka, akasema: «Basi, umwambie nimemsalimu», akaenda zake. Nami nikampiga mtoto makofi mawili. Akaniuliza katika machozi: «Baba, nimesema vibaya?»

Nijibu nini? Alitumwa, akatumika. Neno nililompa alilifikisha, na tena alisema ni nani aliyelitoa. Kama ningemwambia «Umekosa», ingefaa nimweleze kosa lake, na kosa nililiona upande mmoja tu wa mlango.

Wengine watasema: mtoto ni lazima ajue heshima; si kila neno la nyumbani ni la kuchukuliwa nje. Ni kweli. Binti yangu huyo wa ndizi alimwambia mgeni mezani: «Mama alisema wewe unamaliza sombe yote.» Mgeni akaacha kula, mama yake akatamani ardhi immeze. Ni vizuri kumfundisha mtoto kunyamaza mbele ya wageni. (Ingekuwa vizuri zaidi sombe ile isihesabiwe jikoni.) Lakini kunyamaza si kudanganya. Anayenyamaza hamwondolei mwenzake kweli. Anayedanganya amempa kitu kingine badala yake, na mwenzake anaenda nacho akikitegemea. Askofu Agostino wa Hippo aliandika kitabu kizima juu ya uwongo, kama mwaka 395, akashika kwamba hakuna uwongo usio na kosa, hata ule wa kumsaidia mtu. Wengi wamemwona mkali, na mimi nami namwona mkali: je, mtu anayemficha jirani yake mbele ya wauaji? Hapa kwetu hilo si swali la vitabuni tu. Lakini mwenye duka hakushika panga. Alishika karatasi ya deni.

Na mtoto mdogo anaonaje uwongo? Mtaalamu Jean Piaget wa Uswisi, katika kitabu chake cha mwaka 1932, alieleza namna alivyowauliza watoto: ni nani mbaya zaidi, yule aliyesema ameona mbwa mkubwa sawa na ng'ombe, ao yule aliyemdanganya mama yake kwamba alisifiwa shuleni? Wadogo walijibu kwamba yule wa mbwa ndiye mbaya, maana mbwa wa namna hiyo hayupo kabisa. Wakubwa zaidi walitazama nia. Basi, fikirini mwanangu: baba amesimama mbele yake, anasema «sipo». Kwake ni mbwa mkubwa sawa na ng'ombe. Alidhani ni mchezo, akaupeleka mlangoni.

Mwaka 2014 wataalamu wawili wa chuo kikuu kule San Diego, Marekani, Chelsea Hays na Leslie Carver, waliandika juu ya jaribio lao kwa watoto 186 wa miaka 3 mpaka 7. Watoto wengine walidanganywa kwanza na mtu mzima kwamba chumba cha pili kina bakuli la peremende, kisha akawaambia kwamba halipo. Halafu kila mtoto aliachwa peke yake, amekatazwa kugeuka kutazama kitu cha kuchezea nyuma yake. Kati ya wale wa umri wa shule ambao hawakudanganywa, yapata 60 kwa 100 walitazama. Kati ya waliodanganywa, karibu 80. Na hao waliodanganywa wakatazama, walipoulizwa, karibu 90 kwa 100 walikana. Kwa wale wadogo zaidi, kudanganywa hakukuleta tofauti.

Wangu yu bado kati ya hao wadogo. Nilipohesabu miezi iliyobaki, niliona si mingi.

Jumatano iliyofuata, jioni, tukasikia «Hodi!» Mtoto aliinuka kama kawaida yake, akafika mlangoni, akashika kitasa, akasimama. Akageuka kunitazama, akauliza taratibu, bila mchezo wowote usoni:

«Baba, leo tuko ao hatuko?»

Mama yao aliacha kushona. Hodi ikapigwa mara ya pili.

«Tuko,» nikasema, nikaenda kufungua mwenyewe. Alikuwa mwenye duka. Nilikuwa na nusu ya franka zake, nikampa. Nusu ya pili nikamwomba angoje mwisho wa mwezi. Hakufurahi, alisema maneno makali kidogo. Mtoto alisimama nyuma yangu, ameshika suruali yangu, akasikiliza yote.