Barabara Isiyo na Mtu

Mimi ni dereva wa kupigiwa honi. Miaka 22 naendesha gari Dar es Salaam, na sidhani kama imebaki daladala ambayo haijanipita huku konda akinitazama kwa huruma. Mke wangu husema samaki wa soko la Feri nikiwabeba mimi wanafika nyumbani wameshaanza kunuka. Basi msinicheke nikiwaambia kwamba tangu Idi, jioni zangu nazimaliza kwa kugonga magari ya watu.

Lawama ni za mpwa wangu. Alinunua PlayStation 2 ya mtumba, na humo akaikuta diski ya Burnout 3: Takedown, gemu la mwaka 2004 lililotengenezwa Uingereza na Criterion. Wenzake mtaani ni mpira tu, hakuna wa kucheza naye. "Anko, shika pedi."

Nikashika. Mji ulikuwa wa Marekani, nami kwa mazoea nikakaa kushoto kama tulivyofunzwa. Kumbe kule wanashika kulia! Malori yakawa yananijia uso kwa uso, nami nayapenya huku roho mkononi, nikisubiri kuzomewa na kijana. Badala yake akashangilia: kipimo kwenye skrini kilikuwa kinajaa. Gemu hili hulipa makosa. Pita upande usio wako, koswakoswa na gari chupuchupu, serereka kwenye kona, unajikusanyia nguvu ya kuongeza mwendo. Mpinzani ukimbamiza ukutani, kipimo chenyewe kinarefuka. Kila ambacho trafiki angekuandikia faini, hapa ni mtaji.

Na utamu upo, sina sababu ya kuficha. Kiganja kinatoka jasho, chai inapoa, simu inaita hadi inanyamaza.

Kilichonishtua ni kingine. Humu hata ukipata ajali hujaisha. Unabonyeza kitufe, muda unaenda polepole, na gari lako lililopondeka, linaloelea hewani, bado unaweza kulielekeza limwangukie aliyekuwa nyuma yako. Mara ya kwanza nilipofanikiwa nilipiga ukelele hadi mke wangu akatoka jikoni. Mimi, ninayeitwa kusuluhisha ugomvi wa majirani! Lakini furaha ile niliifahamu. Nilishaionja kazini zamani, mwaka niliokosa cheo, nilipohakikisha kwa maneno mawili matatu sehemu husika kwamba na mwenzangu hakipati. Hakukipata. Sikuwahi kumwambia mtu.

Ilinichukua siku kadhaa kutambua kilichokosekana mle. Gemu linakuzungusha Marekani, Ulaya na Mashariki ya Mbali, ila hakuna hata mtu mmoja anayetembea kwa miguu. Hakuna muuza mihogo, hakuna mama anayevuka na ndoo, hakuna mlevi. Magari yanapinduka kumi kwa mpigo na hasikiki anayelia. Nilimwonyesha mpwa wangu, akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini kwenye sataranji hakuna harufu ya farasi. "Wangekuwepo, Anko, si ungeacha kucheza?"

Sikuwa na jibu. Nadhani waliolitengeneza walijua: ili mtu mzima afurahie ubaya wake kwa amani, sharti kwanza watu waondolewe barabarani. Na mwaka ule wa cheo mimi pia nilifanya hivyo hivyo, nilijitahidi nisimfikirie mke wa mwenzangu yule wala ada za wanawe.

Jumatano asubuhi, Barabara ya Mandela, watoto wawili wa shule walisimama kwenye pundamilia, mkubwa kanyoosha mkono kama wanavyofundishwa. Nikasimama. Daladala nyuma yangu ikapiga honi, ikachomoka kulia kunipita, kisha ikafunga breki hadi matairi yakalia. Mkubwa hakukimbia. Alimshika mdogo bega, wakavuka taratibu, huku akimtazama dereva machoni mpaka walipofika ng'ambo.

Jioni mpwa wangu aliuliza kama tunacheza. Nikamwambia awashe.